Pikipiki ya Vigango: Ni Ipi Itakayoshika Mahali pa Ile ya Zamani?

Maneno yaliyonenwa mbele ya walimu, makatekista na wajumbe wa halmashauri za parokia za upande wa Kilosa na Mikumi



Katika siku hizi za Jubilei wenzangu wamekwisha kunena habari za makanisa, za shule na za zahanati, na habari za wale wa kwanza waliofika huku kwa miguu. Mimi nimepewa neno ambalo wengine walicheka walipolisoma katika orodha ya hotuba, yaani habari ya pikipiki. Naona waliocheka ni wale wakaao karibu na lami. Watu wa milima ya Vidunda hawakucheka, wala wale wa ng'ambo ya Mkondoa. Wao wajua ya kuwa mwezi wa Aprili, mvua inapokuwa imekata njia zote za magari, hiyo pikipiki ndiyo parokia yenyewe. Isipofika, mgonjwa hatazamwi, mwalimu hapati chaki, na maiti huzikwa na watu wa nyumbani peke yao.

Basi neno lenyewe ni hili. Pikipiki tulizozoea, zile Honda XL 125 za rangi nyekundu zilizokokotoa mizigo yetu tangu wengi wetu tulipokuwa vijana, zinakufa moja baada ya moja. Fedha imekusanywa kwa mavuno ya mahindi na ufuta, si nyingi. Yatosha kununua pikipiki moja iliyo imara sana, au mbili tatu za bei rahisi. Tukikosea kuchagua hatutapata fedha nyingine kama hii kwa miaka mingi. Kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze mambo ya vyuma na matope, ijapokuwa hapa tumekaa chini ya mapambo ya sikukuu.

Kwanza tukumbuke tulivyotoka. Nchi hii ya Kilosa ilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na mizigo yote ilikwenda juu ya vichwa vya watu, maana mbung'o hawakuacha farasi wala punda aishi siku nyingi. Kisha ikaja reli, kisha baiskeli, Raleigh na baadaye Phoenix, na mwalimu aliyekuwa na baiskeli alihesabiwa kuwa mtu mkubwa. Pikipiki ilikuja nyuma yao. Wazee wengine huiita tukutuku hata leo. Katika nchi za Ulaya yuko padre mmoja wa Ujerumani, Paul Schulte, ambaye rafiki yake, padre mmisionari, alikufa kusini magharibi mwa Afrika mwaka 1925 kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Padre Schulte hakuishia kulia. Mwaka 1927 alianzisha chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, na mwaka 1949 chama cha namna hiyo kikaanzishwa Austria. Nimelitaja hili ili mjue ya kuwa shauri la kununua chombo halikuonekana kuwa dogo machoni pa watu waliotutangulia.

Sasa tuitazame hiyo Honda. Yafaa tuulize kwa nini tuliipenda, maana mtu asiyejua alichopoteza hawezi kukitafuta. Injini yake ni ndogo, sentimita za ujazo 124 tu, nayo hupozwa na upepo. Haina maji ya kuchemka wala mashine ya kuyazungusha. Huwashwa kwa kupiga kiki, kwa hiyo betri ikifa safari haifi. Gurudumu la mbele lina kipenyo cha inchi 21, nalo ni jembamba. Likikuta shimo hulipanda na kulivuka, mahali ambapo gurudumu dogo lingezama. Rimu zake zina spoki, na rimu ya spoki ikipindwa na jiwe, fundi aliye chini ya mwembe aweza kuinyosha. Breki zote mbili ni za ngoma, zimefungiwa ndani, hata tope lisiziingie upesi. Tena ni nyepesi: ikianguka mtoni, watu wawili huitoa.

Zaidi ya hayo yote, ilifanya kila kazi. Padre aliweza kutoka Mikumi asubuhi, akapita katikati ya Hifadhi kwenda Morogoro, yapata kilomita 120 za lami, akarudi jioni, kesho yake akashika njia ya Kilosa, kilomita zipatazo 80, akipita Ulaya (nawaambia wageni wetu ya kuwa huku kwetu twafika Ulaya bila kupanda ndege), na siku ya tatu akaiacha barabara kabisa, akapanda njia ya mbuzi milimani. Pikipiki ni ile ile moja. Ilichukua sanduku la vyombo vya misa, ilichukua saruji mfuko mmoja, ilichukua mama mwenye uchungu wa kuzaa na dada yake nyuma yake, jambo ambalo sheria hairuhusu, lakini usiku ule hakuna aliyeuliza sheria. Watu wa ng'ambo walitengeneza pikipiki nyingi zilizo bora kuliko XL kwa kazi moja moja. Ile ya kazi zote ndiyo ngumu kuipata.

Na hapa ndipo penye shida ya siku hizi. Zile pikipiki za kazi zote, za barabara na za pori pamoja, ziligawanyika kama mto unaogawanyika matawi mawili.

Tawi la kwanza lilikwenda kwa matajiri. Mwaka 1978, mwezi wa Desemba, watu waliondoka Paris kwa mashindano ya kwenda Dakar, wakivuka jangwa la Sahara. Aliyeshinda safari ile, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT 500, pikipiki ya silinda moja isiyo na makuu, ambayo fundi yeyote angeielewa. Lakini mwaka 1980 kiwanda cha BMW kilitoa R 80 G/S, na mwaka 1988 Honda ikatoa Africa Twin, na tangu hapo kila mwaka zilizidi kunenepa. Hiyo Africa Twin ya sasa ina uzito upitao kilo 200, na ndani yake mna kompyuta. Jina ni la Afrika, bei si ya Afrika. Mmeziona zikipita Mikumi, zenye masanduku ya bati kila upande, na wapandaji wake wazungu wamevaa kama wanajeshi. Ni nzuri mno. Lakini moja ya hizo ikilala katika udongo mweusi wa bonde la Mkata wakati wa masika, italala mpaka mwezi wa Juni. Hata mashindano yenyewe ya Dakar yaliondoka Afrika. Tangu mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia.

Tawi la pili lilishuka kwa maskini, nalo ndilo lililojaa katika kila njia panda yetu. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za kuziruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, na bodaboda zikaenea kama mchwa baada ya mvua. Nyingi zatoka India, Bajaj Boxer na TVS, na nyingine zatoka China. Nataka kuzitetea kidogo, kwa sababu nasikia wazee wetu wakizidharau. Boxer ya 150, ambayo kwa kweli injini yake ni kama sentimita 145 za ujazo, huenda mbali kwa petroli kidogo. Husimama chini ya mzigo ambao ungevunja punda. Na vipuri vyake vyapatikana mpaka Zombo, karibu na sabuni na kiberiti. Fundi wa kuitengeneza ni kijana wa jirani. Neno hilo la vipuri lipimeni sana, nitalirudia.

Kasoro zake ni hizi. Imetengenezwa kwa njia iliyo na umbo la barabara. Tumbo lake li karibu na ardhi. Shokamzoba zake zina mwendo mfupi. Magurudumu yake ni madogo kuliko yale ya XL. Katika mteremko wenye mawe makubwa mtu huiteremsha kwa miguu yake mwenyewe. Mnyororo nao u wazi kwa sehemu kubwa, na tope la Kilosa likishachanganyika na mchanga hulika meno ya chuma kama msasa. Mtu aendaye Kimamba, Ilonga, Kidodi na Ruaha hana haja ya kulia juu ya mambo haya. Mtu aendaye juu Vidunda ana haja.

Kati ya matawi hayo mawili wamebaki warithi wachache wa kweli, na hao ndio nataka mwatazame kwa makini.

Wa kwanza ni Honda XR 150 L, iliyotokea katika miaka ya 2010, na ambayo mashirika mengi ya misaada yaliichukua mahali pa XL. Injini yake ni ya sentimita 149, yapozwa na upepo, na yatumia kabureta, si kompyuta ya kunyunyiza petroli. Fundi wa XL akiifungua hataona uso mgeni. Ina nguvu zaidi, na selfu ya kuwashia, nayo hupanda mlima na abiria bila kunung'unika. Lakini gurudumu la mbele ni la inchi 19, la nyuma ni 17, maana yake haipandi mashimo kama marehemu. Breki ya mbele ni ya diski. Watu hufurahia diski, nami nakubali ya kuwa katika lami, pundamlia akikatiza ghafula ndani ya Hifadhi, diski yaweza kuokoa maisha. Ila bomba lake la mafuta likikatika porini hakuna waya wa kufungia kama ule wa ngoma.

Wa pili ni jamaa ya Yamaha AG. Hizi zilibuniwa kwa ajili ya wachungaji. Msicheke: wachungaji wa kondoo wenye manyoya, katika mashamba makubwa ya Australia na New Zealand. Kwa hiyo mambo yake yote ni ya shamba. Mnyororo umefunikwa wote ndani ya sanduku, na hili peke yake kwetu ni nusu ya maisha ya pikipiki. Ina keria mbele na nyuma. Ina miguu ya kuegemea kila upande, kwa sababu mchungaji hachagui aegeshe wapi. Tena ina kitasa cha kuzuia klachi, ili mtu ashuke afungue lango huku injini inanguruma. AG 100, ya zamani, huchoma oili pamoja na petroli, yatoa moshi, na asiyejua akisahau kutia oili katika tangi lake dogo, huua injini kwa safari moja. AG 200 ni ya namna ya Honda, oili yake i tumboni. Ni nzito kidogo, ni ya polepole, na sura yake haimpendezi kijana yeyote. Kwa maoni yangu sura hiyo ni faida, maana pikipiki isiyotamaniwa haiibwi upesi.

Ziko nyingine, kama Yamaha DT 125 na XTZ 125, na zile za India zilizo na umbo la pori, kama Hero Xpulse iliyotolewa mwaka 2019. Sitazieleza zote, jua linapanda. Na vijana wameniuliza juu ya pikipiki za umeme. Nimesoma ya kuwa huko Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuzipeleka kwa waendeshaji, ambao hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa, kama mtu abadilishavyo mtungi wa gesi. Ni jambo jema mjini. Lakini kazi hiyo yataka nyumba ya betri kila baada ya mwendo mfupi, na njia yetu ya mlimani haina hata kibanda cha soda. Treni ya umeme imekwisha kufika Kilosa tangu mwaka 2024. Pikipiki ya umeme tuiache ifike kwa zamu yake.

Sasa wako waliosema, na tena ni watu ninaowaheshimu, "Kwa nini tununue? Tuitengeneze ile ya zamani." Mimi mwenyewe nililipenda neno hilo kuliko yote. Silinda huchongwa ikapanuliwa, ikatiwa pistoni kubwa kidogo na ringi mpya, na injini ikarudi ujana. Tulifanya hivyo kwa moja yao. Tulinunua pistoni na ringi katika duka moja mjini, ambalo sitalitaja, ndani ya sanduku lenye jina zuri la kiwanda na rangi zake zote. Tukalipa bei ya kitu halisi. Haikupita masika moja, oili ikaanza kutoka kwenye ekzosi pamoja na moshi wa buluu. Fundi alipofungua, ringi zilikuwa zimelika kama za bati. Sanduku lilikuwa la kweli na kilichomo kilikuwa cha uongo. Na tazameni sababu yake: kitu cha zamani kikishakuwa adimu, vipuri halisi hupungua, na mahali pake hujazwa na wadanganyifu. Injini haikuwa kosa pekee. Fremu nayo imechomelewa shingoni mara tatu. Mimi siwezi kumpandisha Padre, au mwalimu aliye na watoto, juu ya shingo ya chuma iliyochomelewa mara tatu, kisha nikamwambia ateremke Vidunda katika utelezi.

Hapo twafika kwenye neno nililosema nitalirudia. Katika miaka ya mwisho ya 1980 Mwingereza Barry Coleman na Mmarekani Randy Mamola, mshindani maarufu wa pikipiki, walikwenda Somalia kutazama kazi za msaada wa watoto, wakaona pikipiki za afya zimelala zimekufa zingali mpya, kwa kukosa vitu vidogo na mtu wa kuviangalia. Kutokana na safari hiyo Barry na mkewe Andrea walianzisha shirika la Riders for Health, ambalo lilifanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika. Njia yao ilikuwa kubadilisha kipuri kwa ratiba kabla hakijavunjika, na kumfundisha mpandaji mwenyewe kuikagua pikipiki kila siku kabla ya kuondoka. Hebu tulinganishe na desturi yetu. Sisi hubadili plagi siku inapokataa kuwaka, na mnyororo siku unapokatika, na siku hiyo huwa ni mvua, tena ni usiku.

Basi mtaniuliza, wewe wasemaje? Nasema tusitafute pikipiki moja. Ile ya kazi zote imekwisha, na kila mtu anayeuza leo akisema anayo, anauza nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima. Tukiyafungua madaftari ya safari za parokia zetu tutaona ya kuwa safari nyingi ni za tambarare: Kilosa, Kimamba, Rudewa, na lami ya Mikumi mpaka Kidatu. Kwa hizo Boxer yatosha, na ikichakaa itauzwa kwa bodaboda yeyote siku ile ile. Safari za mlimani ni chache, lakini ndizo zisizo na mtu mwingine wa kuzifanya. Kwa hizo inunuliwe moja tu iliyo ya kweli. Mimi napendelea AG 200 kwa ajili ya mnyororo wake uliofunikwa. Ikikosekana iliyo nzima, basi XR 150 L, na ifungwe chuma cha kukinga injini chini.

Tena parokia zote zinunue aina ile ile moja kwa kazi moja. Najua neno hili litawaudhi wengine, maana kila halmashauri hupenda kuchagua rangi yake. Lakini pikipiki tatu za aina moja zatibiana: kabureta ya mgonjwa huazima kwa mzima, na sanduku moja la vipuri latumikia wote. Pikipiki tatu za aina tatu ni wagonjwa watatu wenye waganga watatu. Na fedha ya vipuri ikatwe siku ya kununua, kabla ya shangwe: minyororo na meno yake, kebo za klachi, mipira ya ndani, plagi, viatu vya breki. Hivyo vikae parokiani chini ya kufuli, si katika ahadi ya duka la Dar es Salaam. Walioiona Kilosa wakati wa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ilipovunja kingo na kuibomoa reli, wajua jinsi mji huu uwezavyo kutengwa na mwenzake.

Lipo swali moja ambalo sikulijibu, nalo ni gumu kuliko injini. Hiyo ya mlimani ikae kwa nani? Parokia tatu zaihitaji, na ufunguo ni mmoja. Rai yangu ni kwamba ikae Mikumi, mahali ambapo njia za milimani zaanzia, na aombaye aandike katika daftari siku, kazi, na kilomita alizokuta na alizoacha. Aliyeirudisha bila kuiosha asipewe mara ya pili mpaka aioshe mbele ya mlinzi, hata akiwa Padre. Padre mwenyewe amecheka na kukubali.

Na ile Honda ya zamani isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vijana wanaojifunza ufundi waipewe, waifungue na kuifunga, maana hakuna injini iliyo wazi kufundishia kama ile.

Kikao cha kuchagua ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, chini ya miembe ya shule. Kila kigango kilete mtu mmoja anayezijua njia zake wakati wa mvua, na daftari la safari. Tumeazimwa XR 150 L kwa siku ile, nayo itajaribiwa kupanda ule mlima ulio nyuma ya kanisa ikiwa na mfuko wa saruji nyuma. Atakayetaka kuipanda aje na kofia ngumu yake mwenyewe.